Kiti cha Shangazi na Besi Iliyopotea

Nyumba yetu iko Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba, na fundi aliyeijenga alifikiria kila jambo isipokuwa muziki. Sebule ina dirisha moja linalotazama barazani, milango miwili isiyotazamana, na soketi moja pekee, nayo imewekwa kwenye pembe ya kushoto, nyuma kabisa. Kwa hiyo mtu akitaka kuweka muziki wa spika mbili, amplifaya haina budi kukaa kwenye pembe ile. Spika ya kushoto inapata waya wa mita 2 na haina malalamiko, lakini ya kulia inadai waya upande ukutani, upite juu ya fremu ya mlango wa korido, uteremke nyuma ya kabati la vyombo na kutokeza upande wa pili, safari isiyopungua mita 10. Mambo yote nitakayoyasimulia yalitokea ndani ya hizo mita 10.

Tulikuwa katika maandalizi ya harusi ya binti wa kaka yangu, na ilikubaliwa kwamba wageni wa kike watokao mbali wafikie nyumbani kwangu. Mkubwa wao alikuwa Shangazi, dada yake marehemu baba, ambaye makazi yake ni Pangani. Shangazi hana matakwa mengi: hachagui kitanda, hadai feni, wala hana chakula asichokula. Anachotaka ni taarabu ya zamani ya Tanga, na anataka aisikie kwa namna aliyoizoea. Katika ujana wake aliwahi kuwasikia Black Star na Lucky Star wakipiga hapa mjini, enzi ambazo vikundi vya Tanga vilikuwa vimeweka magitaa ya umeme na besi mahali ambapo wengine walipanga safu za fidla, na tangu wakati huo, kwake yeye, taarabu isiyo na besi ni shairi linalosomwa kwa kuvuta sauti tu.

Kwa heshima yake nilinunua vyombo vya mtumba. Nilipata amplifaya nzito ya Kijapani, iliyoandikwa mgongoni kwamba inakubali spika za omu 4 hadi 16 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia umeme), na spika mbili za mbao za omu 8 kila moja, zenye nguo nyeusi mbele na harufu ya stoo ya mtu mwingine. Kilichobaki kilikuwa waya, na nilidhani waya ni kazi ya nusu saa kwa mtu mwenye wembe na bisibisi. Hivyo ndivyo ingekuwa, kama habari haikumfikia Mjomba.

Mjomba wangu alifanya kazi ya simu, zile simu za waya, hadi alipostaafu, na kwa kuwa simu ni waya na spika ni waya, hakuona sababu ya kungoja kualikwa. Alifika asubuhi akiwa na koleo, tochi, utepe mweusi, na bunda la waya wa simu ambao naamini aliustaafisha siku moja na yeye mwenyewe. Muda mfupi baadaye akaingia shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye hutengeneza redio na kufunga muziki kwenye daladala, na ambaye mji mzima humwita Fundi. Walisalimiana kwa adabu kubwa, na kwa jinsi walivyoulizana hali za nyumbani kwa urefu, nilijua kwamba hawatakubaliana hata jambo moja.

Mabishano yao ya kwanza yalihusu waya niliokuwa nimenunua mimi, mwekundu na mweusi, mnene, wa bei ya kufurahisha. Fundi aliuchuna, akauchagua uzi mmoja, akaukwangua polepole kwa ncha ya wembe, na chini ya ile rangi ya shaba pakatokea weupe. “Hii ni shaba ya usoni, shemeji,” aliniambia. “Ndani ni alumini.” Alumini inapitisha umeme vizuri, lakini kwa unene uleule ukinzani wake unazidi mara moja na nusu ule wa shaba, kwa hiyo waya ulioonekana mnene dukani ulikuwa, kwa hesabu ya kazi, mwembamba kuliko nilivyoulipia. Fundi alishauri tuuache, tukanunue ule waya wa kawaida wa nyumba, wa mbili na nusu, yaani milimita za mraba 2.5, unaotumika kwenye soketi, kwa sababu ni shaba tupu. Kwa mita 10 za kwenda na 10 za kurudi, waya huo una ukinzani wa takriban omu 0.14 tu, na mafundi wengi hupenda ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya ule wa spika, maana yake omu 0.4 kwa spika ya omu 8.

Ulikuwa ushauri mzuri, na kama ungefuatwa nisingekuwa na la kuandika. Lakini siku ile ilikuwa Ijumaa, maduka yalikuwa yanafungwa kwa ajili ya sala, na basi la Shangazi lilikuwa limekwisha kuondoka Pangani. Tukakubaliana tutumie waya wangu wa alumini, ambao ulikuwa na urefu wa mita 15. Mita 2 kushoto, mita 10 kulia, zinabaki 3. Hata mtoto wa darasa la pili angeona kwamba unatosha.

Hapo Mjomba akainua mkono. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzungumza na makao makuu, kwamba haiwezekani spika mbili zipewe nyaya zisizolingana, kwa kuwa muziki utawahi kufika kushoto na kuchelewa kulia, na msikilizaji atamsikia mwimbaji kabla hajasikia ngoma yake. Fundi alijaribu kumweleza kwamba umeme hauna mwendo wa mguu. Mimi baadaye nilipiga hesabu kwa udadisi wangu: sauti hewani husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, na katika muda ambao sauti hiyo inavuka shubiri moja, umeme ndani ya waya unakuwa umekwenda zaidi ya kilomita 100. Waya wa spika ya kulia ungeweza kupitia Muheza na kurudi, na Shangazi angeharibu zaidi mpangilio ule kwa kuegemea mto. Kinachodhuru kwa urefu ni ukinzani, si kuchelewa. Lakini hesabu hizo sikuwa nazo wakati ule, na hata ningekuwa nazo, Mjomba ni kaka wa mama yangu.

Kwa hiyo spika ya kushoto, iliyokuwa karibu na amplifaya kiasi cha kupeana mikono, ilipewa mita 10 za waya, na zile zisizohitajika zikaviringishwa nyuma yake. Spika ya kulia ikabakiwa na mita 5, ambazo ziliishia nyuma ya kabati la vyombo. Mjomba alitabasamu. Alifungua bunda lake la waya wa simu, akachuna ncha kwa meno, akasokota, akafunga utepe mweusi kwa ufundi ambao kwa kweli ulipendeza kutazama, na akaimalizia safari iliyobaki kwa waya wenye unene wa nusu milimita. Kipande hicho peke yake kilikuwa na ukinzani wa karibu omu 0.9, zaidi ya mara mbili ya kile kiwango cha mafundi, ila Fundi alikuwa amekwisha kukata tamaa na alikuwa barazani akinywa kahawa.

Kazi iliyobaki ilikuwa yangu, nayo ilikuwa kiti. Nilikuwa nimesoma kwamba msikilizaji anapaswa kuwa mbali sawa na kila spika, basi nikachukua kamba, nikapima kutoka spika ya kushoto, nikapima kutoka ya kulia, nikakisogeza kiti kikubwa cha mkono mbele na nyuma mpaka kamba zikalingana bila tofauti ya hata upana wa kidole. Mke wangu akakitandika kanga mpya, akaweka mto, na akawatangazia watoto kwamba kile ni kiti cha Bibi na atakayekikalia ataniona mimi.

Naomba msomaji aizingatie amri hiyo, kwa sababu ndiyo iliyotuponza. Tangu dakika ile, katika nyumba nzima iliyojaa watu, hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye angethubutu kuketi mahali ambapo muziki ulikusudiwa kusikilizwa. Mimi nilijaribu vyombo nikiwa nimesimama kando ya amplifaya. Fundi alisikilizia mlangoni. Mjomba alisikilizia korido, ambako alisema upepo ni mzuri. Sote watatu tulisikia besi ya kutosha, tukapongezana, na tukaenda kumpokea mgeni.

Shangazi alifika, akaamkiwa, akala, akaoga, akaswali, kisha akaongozwa kitini. Nikaweka wimbo ambao najua anaupenda. Alifumba macho kama afanyavyo siku zote, na sisi tukasimama kwa mstari tukisubiri sura yake ibadilike. Ikabadilika, lakini si kwa upande tuliokuwa tunautarajia. Alifumbua jicho moja.

“Mwanangu,” aliniita, “gitaa la besi limekwenda wapi?”

Nikamwambia lipo, tena lipo sana. Akasikiliza tena. “Na huyu mwimbaji mbona namsikia lakini hakai mahali? Mara yuko dirishani, mara yuko nyuma ya kichwa changu. Mwambieni atulie.”

Tulitazamana. Wimbo ule ni wa zamani, umerekodiwa kwa njia moja, yaani spika zote mbili hupewa sauti ileile, na sauti ya mwimbaji ilipaswa kutokea katikati hasa, baina ya spika mbili, kana kwamba amesimama pale ukutani. Mimi, nikiwa kando ya amplifaya, niliisikia inatoka spika ya kushoto iliyokuwa ubavuni pangu, nikaona ni sawa. Fundi, akiwa mlangoni, aliisikia mlangoni. Kila mtu alikuwa na ushahidi wake, na ushahidi wa watu watatu wazima ulikuwa kwamba besi ipo. Kutoka hapo, mawazo yetu yalikwenda mahali pabaya kwa adabu zote.

Mke wangu alileta mafuta ya nazi ya uvuguvugu kwenye kijiko, akasema kwamba safari ya basi hujaza vumbi masikioni. Shangazi aliyatazama yale mafuta, akauliza kama kuna samaki wa kukaangwa. Mjomba, kwa upande wake, aliniita korido, mbali na sebule, akaninong'oneza kwamba umri ni umri, kwamba sauti nene ndizo zinazotangulia kupotea, na kwamba masikio ya mzee wetu yamekwisha. Sijui hayo ya sauti nene aliyapata wapi, kwa maana kwa kawaida uzee huanza kuchukua sauti nyembamba. Lakini kabla sijajibu, jibu lilikuja kutoka sebuleni, juu ya muziki na kupitia ukuta:

“Masikio yangu hayajaisha, shemeji. Kilichoisha ni besi.”

Fundi akaichukua kesi. Kwanza alizungusha kitufe cha besi mpaka kikagoma. Matokeo yalikuwa makubwa kila mahali isipokuwa mahali palipohusika. Vikombe vya kabatini vilianza kugongana, watoto wa korido wakapiga makofi, jirani akachungulia dirishani kuuliza kama harusi imesogezwa mbele, na mke wangu akatoka uani akiwa na mwiko mkononi kuuliza nani anayebomoa nyumba. Katikati ya tetemeko hilo, Shangazi alikuwa ametulia kitini, mikono mapajani, akasema kwa masikitiko ya kweli kwamba naona mnahangaika, wanangu, ila bado haijafika huku.

Baada ya hapo Fundi akatoa hoja ya kitaalamu: kama besi haitoshi, basi spika hazitoshi. Akaenda karakana kwake, akarudi na spika mbili zilizokuwa zimefunguliwa kwenye daladala, akaziunga kwa sambamba na zile za mbao, yaani ubavu kwa ubavu kwenye matundu yaleyale ya amplifaya, moja kila upande. Hapa ningependa kumtetea Fundi, kwa sababu siku nyingine yoyote angeangalia kwanza. Spika za gari kwa kawaida ni za omu 4. Ukiunga omu 4 na omu 8 kwa sambamba, hupati 12 wala hupati 6. Unapata takriban omu 2.7, ambazo ziko chini ya ile 4 iliyoandikwa mgongoni mwa amplifaya, na maana yake ni kwamba amplifaya inaombwa mkondo mwingi kuliko iliouahidi. Amplifaya yetu, kwa bahati njema, ilikuwa imelelewa vizuri. Wimbo ulipoanza ilivumilia, besi ilipogonga kwa nguvu ilitoa sauti ya “tap!” na kunyamaza, taa yake nyekundu ikiwaka. Fundi akaizima, akaiwasha. Magitaa yakaenda, mwimbaji akafika kwenye neno tamu kabisa, Shangazi akanyanyua mkono kutaka kumtunza, na “tap!”

“Huyu naye,” alisema Shangazi, “mnamlipa kwa neno?”

Mjomba akaona nafasi yake. Akapendekeza nyaya ziungwe kwa mfululizo, spika moja nyuma ya nyingine, kama alivyokuwa akiona kwenye taa za mapambo. Omu 8 na omu 4 kwa mfululizo zinakuwa 12, amplifaya haiwezi kulalamika, na kweli haikulalamika. Ila katika mfululizo mkondo ni mmoja, kwa hiyo spika yenye omu nyingi ndiyo inayokula nguvu nyingi. Ile ya mbao ilichukua mara mbili ya ile ya daladala, kila moja ikaimba kwa namna yake, na sauti iliyotoka ilikuwa kama ugomvi wa majirani unaosikika kupitia ukuta. Shangazi aliomba tuzirudishe spika za daladala kwenye daladala. Tukazirudisha.

Kufikia hapo alasiri ilikuwa imekaribia, na Shangazi ndiye peke yake aliyekuwa bado hajakasirika. Alimwita Fundi.

“Njoo ukae hapa.”

Fundi akasema hapana, Shangazi, mimi nitasimama tu. Akaambiwa tena. Akasogea, akachuchumaa kando ya kiti. Shangazi akainuka mwenyewe, jambo lililowafanya wanawake watatu waliokuwa mlangoni waseme “loo!” kwa pamoja, akamshika Fundi bega na kumkalisha juu ya ile kanga mpya. Mke wangu, mwenye amri, alifungua mdomo, akaufunga.

Nilikuwa namtazama Fundi usoni. Alipokuwa anashuka kitini alikuwa na uso wa mtu anayemridhisha mzee. Kichwa chake kilipofika usawa wa mto, uso ule uliondoka. Aliinamia kushoto, akasikiliza, akarudi katikati, akasikiliza, akainamia kulia. Kisha akanitazama na kusema kwa sauti ya chini, “Shemeji, hapa katikati besi haipo.”

“Sasa,” alisema Shangazi, “mzimeni mmoja wa hao wawili. Huyo mmoja anamkataza mwenzake.”

Tulidhani ni maneno ya uzee, lakini kukataa kulikuwa kumekwisha muda wake. Nikageuza kitufe cha kugawa sauti chote upande wa kushoto, spika ya kulia ikanyamaza, na gitaa la besi likaingia sebuleni, nene, la duara, limekaa mahali pake. Tulikuwa tumeondoa nusu ya spika na kupata besi zaidi. Fundi alijishika kichwa kwa mikono yote miwili, kwa sababu katika ufundi wake wote hakuna jambo la kwanza kumfundisha mwanafunzi kuliko hilo.

Spika hufanya kazi kwa kusukuma hewa mbele na kuivuta nyuma. Spika mbili zikiungwa sawasawa, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinasukuma pamoja na kuvuta pamoja. Ukigeuza nyaya za moja tu, hiyo inavuta wakati mwenzake anasukuma, na kwa mtu aliyekaa mbali sawa na zote mbili, msukumo wa huku unafutwa na mvuto wa kule. Sauti nene ndizo zinazoumia zaidi, kwa kuwa wimbi lake ni refu. Sauti ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, ina wimbi la karibu mita 7, na sebule yangu nzima haifiki hapo. Sauti nyembamba zina mawimbi mafupi, kugeuza kichwa kidogo tu kunavuruga ule usawa, kwa hiyo zinasikika, ila hazina makao, na ndiyo maana mwimbaji alikuwa anatembea. Ukisogea pembeni, karibu na spika moja, usawa unavunjika na besi inarudi. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimetumia kamba na uangalifu mkubwa kumtafutia mzee wetu sehemu mbaya kuliko zote katika nyumba, na nikamwekea mto.

Fundi alitaka ushahidi. Alimwomba Mjomba betri moja ya tochi yake, ile ya volti 1.5, akachomoa nyaya za spika kwenye amplifaya, akaivua nguo nyeusi ya kila spika, na akamweka mtoto wangu wa mwisho atazame. Alipogusisha betri kwenye nyaya za kushoto kwa sekunde moja, chanya kwenye waya mwekundu, ile karatasi ya spika ilichomoza mbele kidogo, na kipande cha uzi wa vumbi kilichokuwa kimelala juu yake kikaruka. Alipogusisha kwenye nyaya za kulia, chanya kwenye mwekundu vilevile, karatasi ikazama.

“Hii imetoka, hii imeingia ndani,” alisema mtoto, na kwa kuwa watoto hawana shemeji wala mjomba wa kumstahi katika mambo kama hayo, alilirudia kwa sauti kubwa zaidi.

Tulilisogeza kabati. Nyuma yake, chini ya utepe mweusi uliofungwa kwa ule ufundi wa kupendeza, waya mwekundu ulikuwa umesokotwa na uzi mmoja wa simu na mweusi na mwingine, na nyuzi zile mbili za simu, ambazo zamani huenda zilikuwa na rangi tofauti, zilikuwa zimepauka kiasi kwamba hata mchana kweupe, kwa tochi, hazikutofautiana. Hapo kwenye kiungo, au kule nyuma ya spika, chanya ilikuwa imegeuka hasi. Wote tukamtazama Mjomba.

Mjomba hakutetereka. Alieleza kwamba katika simu, waya hauna kichwa wala miguu. Unaunga huu na huu, mtu wa Korogwe anamsikia mtu wa Tanga, na hajawahi kupokea malalamiko kwamba sauti ya mtu imeingia ndani. Kisha akaongeza kwamba kosa, kama lipo, ni la spika, kwa kuwa zilipaswa kutengenezwa zikubali pande zote. Fundi alitaka kujibu, nikamkanyaga mguu.

Maduka yalikuwa yamefunguliwa. Nikanunua waya wa mbili na nusu, shaba tupu, kipande kimoja kisicho na kiungo kutoka amplifaya mpaka spika ya kulia, na kwa ajili ya ya kushoto nikakata mita 2 na si zaidi. Fundi alichuna ncha kwa urefu wa ukucha, akazisokota asibakize hata uzi mmoja wa kugusa tundu la jirani, na akapaka kila waya wa chanya alama ya rangi ya kucha ya mke wangu, huku na huku, kabla hajagusa kitu kingine chochote. Akarudia jaribio la betri. Zote mbili zikatoka. Mtoto akatangaza.

Jioni ile wanawake walijaa sebuleni, wengine juu ya mikeka, wengine mlangoni, na Shangazi akarudi kitini kwake. Nikaweka wimbo uleule. Mwimbaji akasimama katikati ya ukuta, hakusogea hata kidogo, na besi ikaja ikapanda miguuni mwake taratibu. Shangazi alifumba macho yote mawili. Wimbo ulipokwisha akafungua fundo la kanga, akatoa noti, akatazama huku na huku atakayemtunza, na kwa kuwa mwimbaji hakuwepo, akampa Fundi. Halafu, kwa mshangao wetu, akaanza kuwaita wageni mmoja mmoja waketi kwenye kile kiti wimbo mmoja kila mtu, akiwasimamia kwa mkono kiunoni na kuwauliza kama wameisikia.

Mjomba alipita korido, akasimama, akasikiliza kwa muda.

“Mimi kwa maoni yangu,” alisema, “ilikuwa inasikika vizuri zaidi mchana. Hasa ukiwa hapa.”

“Basi, shemeji,” alijibu Shangazi bila kugeuka, “tutakurudishia waya wako wa simu, ukae nao hapo hapo.”

Mjomba akauchukua waya wake, akaukunja vizuri kwa duara, akautia begani, na kabla hajatoka akanivuta kando kuniuliza kama nimewahi kufikiria kuweka kengele mlangoni.